Karatasi za Megawati 250 kwa Mradi wa Megawati 5

Mhadhara uliotolewa Kasese mbele ya viongozi wa wilaya, wahandisi vijana na wanafunzi wa vyuo

Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wazee wetu wa milimani na wa tambarare, ndugu mliofunga safari kutoka Bwera na Mpondwe, vijana wangu wa uhandisi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Kiswahili kiliingia mji huu pamoja na reli na migodi, kwa hiyo nitazungumza mkinielewa.

Nimeombwa nieleze kwa nini miradi ya umeme jadidifu ya ukubwa wa kati inachelewa, inakwama, au inafia kwenye mafaili, na nini kifanyike. Jambo hili linapaswa kuzungumzwa hapa Kasese kabla ya kuzungumzwa Kampala, kwa sababu hapa mnaishi nalo. Ukianza kuhesabu mito inayoshuka Ruwenzori, Mubuku, Nyamwamba, Nyamagasani, Lubilia, Rwimi, kila mmoja umeshawekewa mitambo. Mubuku peke yake unabeba vituo vitatu: kile cha zamani cha migodi ya Kilembe chenye megawati 5, cha Bugoye chenye megawati 13 kilichoanza kazi mwaka 2009, na kile kilichojengwa kwa ajili ya kiwanda cha kobalti, karibu megawati 10. Maji yaleyale yanapita mitambo mitatu kabla ya kufika tambarare. Hapa hakuna wa kuambiwa kwamba jambo hili linawezekana.

Ninaposema mradi wa kati nazungumzia kituo cha megawati 1 hadi 20, au kuzidi hapo kidogo. Chini yake kuna sola za nyumbani na vituo vidogo vya kijiji, ambavyo wafadhili wanavipenda na utaratibu wake umeanza kueleweka. Juu yake kuna mabwawa ya Mto Nile: Bujagali megawati 250, Isimba 183, Karuma 600. Hayo yana rais wa kuyafungua, yana mikopo ya nchi kwa nchi, yana mawaziri wanaoyapigia simu. Mradi wa kati hauna mwenyewe. Ni mkubwa mno kwa mfadhili wa kijiji na ni mdogo mno kwa benki kubwa za dunia.

Nieleze kinachouumiza. Chukueni kituo cha megawati 5 mtoni. Mwekezaji anahitaji kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, ili afanye upembuzi yakinifu. Anapima mto, anachimba mashimo ya kupima mwamba, anaandaa tathmini ya athari kwa mazingira na kuipeleka NEMA, mamlaka ya mazingira. Anaomba ruhusa ya kutumia maji. Kama mto unagusa hifadhi, anakwenda pia kwa wenye hifadhi. Anaomba leseni. Anafunga mkataba wa kuuza umeme na kampuni ya taifa ya usafirishaji, UETCL, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyonunua karibu kila uniti inayoingia gridi. Anafunga mkataba mwingine na serikali yenyewe, kuhusu nini kitatokea sheria ikibadilika au mnunuzi akishindwa kulipa. Kisha benki inaleta mawakili wake, wahandisi wake na wataalamu wake wa bima, na wote hao wanalipwa na yeye.

Hebu linganisheni na Bujagali. Karatasi ni zilezile. Wakili hakupunguzii bei kwa kuwa mto wako ni mdogo. Mtaalamu wa mazingira hasomi kurasa chache kwa sababu turbini yako ni fupi. Gharama hizo zikigawanywa kwa megawati 250 hazionekani. Zikigawanywa kwa megawati 5, zinakula mtaji kabla jiwe la kwanza halijanyanyuliwa. Ni kama kumtoza mtu wa boda boda ada ya maegesho ya lori la trela. Hapo ndipo miradi mingi inapofia, na inafia kimya kimya, kwa hiyo wananchi wanabaki kusema mwekezaji alikuwa tapeli. Matapeli wapo, nitawafikia. Lakini wengi waliishiwa fedha wakiwa kwenye foleni.

Dawa ya ugonjwa huu tumeshaiona ikifanya kazi hapa Uganda. Mwaka 2013 ERA ilianza mpango wa GET FiT pamoja na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, kwa fedha za Norway, Uingereza, Ujerumani na Umoja wa Ulaya. Watu wengi wakiuzungumzia wanataja nyongeza ya bei tu. Ni kweli ilikuwepo: kila uniti iliongezewa senti kadhaa za dola, na nyongeza iliyostahili miaka 20 ya mkataba ikalipwa katika miaka mitano ya mwanzo, wakati deni la benki linapobana zaidi. Hilo lilisaidia sana. Lakini mimi naona kilichofanya kazi kubwa zaidi ni mkataba mmoja wa mfano. Mkataba wa kuuziana umeme uliandikwa mara moja, ukajadiliwa na wakopeshaji mara moja, kisha kila mradi ukautumia uleule. Mto Rwimi haukujadiliana upya mambo ambayo Muvumbe kule Kabale walishayajadili. Miradi 17 ilipita katika mpango huo, jumla ya takribani megawati 158: maji, sola na bagasi, yaani makapi ya miwa iliyokamuliwa. Kabla yake tulikuwa tunahangaika kumaliza mmoja mmoja.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mamlaka ni hili: msiuache mkataba wa mfano uzeeke kabatini kwa sababu wafadhili wamefunga ofisi. Karatasi ile ni mali ya nchi. Isasishwe, iwekewe vipengele vya betri na vya kuuza moja kwa moja kwa viwanda, na itolewe bure kwa yeyote mwenye kibali.

Sasa nije kwenye laini. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha nyingi zilipomwagika.

Kituo cha umeme kina faida pale tu umeme unapotoka. Mradi wa Achwa 2 kaskazini, megawati 42, ulikamilisha mitambo yake kabla ya laini kubwa ya kuubeba umeme wake kuwa tayari. Mkataba unasema mzalishaji akiwa tayari na mnunuzi akashindwa kuchukua, umeme ule unahesabiwa kama umeuzwa, na unalipwa. Wananchi wakisikia hivyo wanakasirika, na wana haki: tunalipia umeme ambao haukuwasha hata balbu. Lakini msikimbilie kukifuta kipengele kile. Bila hicho hakuna benki itakayokopesha, kwa sababu mzalishaji hana namna ya kuilazimisha serikali ijenge laini. Kosa limo katika mpangilio wa kazi. Laini inayosafirisha umeme ilipaswa kuanza kabla ya banio la mto, kwa sababu laini ndefu inapita kwenye mashamba ya maelfu ya watu, wakati banio liko mahali pamoja.

Tazameni pia West Nile, kaskazini-magharibi. Kituo cha Nyagak kilianza kuzalisha mwaka 2012, megawati 3.5, na kwa miaka kikawa ndicho tegemeo la mkoa mzima pamoja na jenereta za mafuta, kwa sababu gridi ya taifa haikufika. Ilifika mwaka 2024. Mfanyabiashara wa Arua ambaye alitaka kufungua mashine ya kusaga au chumba cha baridi alisubiri muda wote huo, ilhali mito ipo na jua lipo.

Na kuna tatizo dogo zaidi ambalo wahandisi mnalijua, ila halizungumzwi mikutanoni. Vituo vyetu vingi vimeunganishwa kwenye laini za kilovolti 33, zilezile zinazosambaza umeme vijijini. Mti ukiangukia laini, au radi ikipiga transfoma, kituo kinazima. Vituo vya mito hii havina bwawa la kuhifadhi maji. Maji ya saa ile yakipita yamepita. Kituo kinaweza kuwa kizima kabisa, mto umejaa, na turbini zimesimama kwa sababu ya nguzo moja iliyooza. Tangu Aprili 2025, usambazaji umerudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi iitwayo Umeme kwisha. Mimi naona hii ni nafasi. Kwenye laini zenye vituo vya kuzalisha, matengenezo yawe na ratiba yake ya pekee: miti ikatwe kabla ya mvua za Machi, nguzo zikaguliwe, na vifaa vya kutenga sehemu yenye hitilafu vifungwe, ili kijiji kimoja kikikatika kisizime kituo kizima. Fedha za kazi hiyo ni ndogo ukilinganisha na uniti zinazopotea.

Ardhi. Waheshimiwa, hapa mniruhusu niseme kama mtoto wenu. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 26, inasema mtu hanyang'anywi mali yake kabla ya kulipwa fidia ya haki, ya kutosha na kwa wakati. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikazia kwamba malipo yanatangulia. Nimewasikia wawekezaji wakiilaumu ibara hiyo kana kwamba ndiyo kizuizi. Siwaungi mkono. Bibi mwenye migomba kumi na kahawa kidogo hana bima nyingine zaidi ya ibara ile. Kinachochelewesha ni mthamini kuja mara moja, kuandika orodha, kisha fidia kufika baada ya miaka miwili au mitatu, bei zimepanda, mzee aliyetia saini amefariki na watoto wake wanagombana. Wakati huo wajanja wameshapanda miti ya kudai fidia kwenye njia ya laini.

Na umiliki wa ardhi yetu haufanani. Buganda kuna mailo, ardhi yenye mwenye hati, na juu yake vibanja vya wanaoikalia, kwa hiyo mnalipa watu wawili kwa kipande kimoja. Kaskazini ardhi ni ya ukoo, na anayekuja mbele kutia saini huenda hana idhini ya wenzake. Huku kwetu mipaka mingi iko vichwani mwa wazee. Kazi ya kuiandika mipaka hiyo kwenye njia zinazotarajiwa kupitishwa laini inaweza kufanywa na wilaya sasa, kabla mwekezaji hajatokea. LC1, viongozi wa vijiji, wanajua nani analima wapi. Kamati za ardhi za maeneo zipo kisheria. Mpeni mwekezaji ramani ambayo jamii imekwisha kuikubali, mtamwokolea muda mrefu, na mtawaokoa watu wenu kutokana na madalali.

Halafu kuna watu wa chini ya laini. Huwezi kupitisha nyaya juu ya paa la mtu anayewasha kibatari ukategemea akulindie nguzo. Sera ya mwaka 2018 ya kuunganisha wateja bure ilianza vizuri, kisha ikakwama kwa kukosa fedha, na vijiji vilivyo jirani kabisa na mitambo vikabaki vinatazama. Kila leseni mpya ya kituo cha kati iambatane na transfoma kwa vijiji vinavyopakana nacho, gharama zikiwekwa kwenye hesabu za mradi tangu mwanzo. Kule Kisiizi, Rukungiri, hospitali ina mtambo wake mdogo wa maporomoko, chini kidogo ya kilowati 300, na inawauzia umeme majirani. Ukubwa huo si ninaouzungumzia leo, lakini watu wa pale hawahitaji semina ya kueleza faida ya mto.

Mto wenyewe nao una madai. Wengi mnadhani barafu ya Ruwenzori ndiyo inayotupa maji. Barafu ile imepungua sana, kutoka kama kilometa 2 za mraba mwaka 1987 hadi karibu 1 mwaka 2003, na inasikitisha kuitazama ikiisha. Lakini wataalamu walioipima mito hii walionyesha kuwa mchango wa barafu katika maji yake ni mdogo sana. Maji yetu ni ya mvua, yanashikwa na misitu na matope ya milimani. Msitu ukiondoka, mto unabadilika tabia: kiangazi unakauka, masika unakuja na mawe. Mliokuwepo Mei 2013 na Mei 2020 mnakumbuka Nyamwamba ulivyofanya Kilembe, hadi hospitali ikachukuliwa. Mto ule hauchukui maji peke yake, unabeba mawe makubwa kama vibanda. Mhandisi anayesanifu banio kwa vipimo vya miaka miwili tu anajidanganya, na mkopeshaji akigundua anapandisha riba au anaondoka.

Tatizo ni kwamba vituo vya kupimia mito vilivunjika miaka ile ya vurugu, ya sabini na themanini, na kumbukumbu zetu zina matundu. Kila mwekezaji anaanza kupima upya, peke yake, halafu vipimo vinabaki vyake. Hilo ni jambo la kurekebisha kwa sheria ndogo kabisa: anayepewa kibali cha mto akabidhi vipimo vyake kwa idara ya maji, na kibali kikiisha bila ujenzi, vipimo vitumiwe na anayefuata. Hapa ndipo nawafikia matapeli. Kuna wanaochukua kibali cha mto kwa ajili ya kukiuza, si kujenga. Wanakaa juu ya mto, mjenzi wa kweli anasubiri. Kibali kina muda wake. Muda ukiisha bila kazi inayoonekana, mto urudi kwa umma siku hiyohiyo.

Na sio kila maporomoko ni ya kujengwa. Mpanga, kule Kitagwenda, zamani sehemu ya Kamwenge, kuna kituo cha megawati 18, na kwenye korongo lake kuna mimea ya kale aina ya saikadi, Encephalartos whitelockii, isiyoota porini mahali pengine popote duniani. Mimea ile ilidhurika. Ninaunga mkono umeme wa mito kwa moyo wote, na nasema wazi kwamba pale tulipaswa kuwa waangalifu zaidi.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, si kwa sababu ni jambo dogo, bali kwa sababu yakitatuliwa hayo mengine nalo linalegea. Benki za Kampala zinakopesha shilingi kwa riba inayokaribia asilimia 20, kwa miaka michache. Kituo cha maji kinahitaji mkopo wa miaka 12 au 15. Hesabu haikubali. Kwa hiyo tunakopa dola nje, na faida inatoka nje. Lakini fedha ndefu tunazo nyumbani. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, una mali inayozidi shilingi trilioni 20, ni akiba ya wafanyakazi ya miaka mingi, na mfuko huo ulikuwa mwanahisa mkubwa wa ile kampuni ya Umeme, kwa hiyo biashara ya umeme haiuogopeshi. Simwombi mtu acheze na pensheni za watu kwenye mto ambao haujajengwa. Naomba uingie pale kituo kimeshafanya kazi miaka mitatu au minne na hatari ya ujenzi imekwisha: unanunua sehemu ya mtaji, mjenzi anachukua fedha zake anakwenda kujenga mto mwingine. Na vituo vitano vya megawati 5 vikifungwa katika fungu moja, mto mmoja ukikauka mwingine unazalisha.

Najua swali linalokuja, kwa sababu naulizwa kila ninapokwenda: Karuma imefunguliwa mwaka 2024, nchi ina zaidi ya megawati 2,000, umeme umezidi, ya nini kuhangaika na vimito? Mnaouliza hivyo mkumbuke miaka ya 2005 na 2006. Ziwa Victoria lilishuka, karibu umeme wetu wote ulitoka Jinja, na nchi nzima ikaingia kwenye mgao na jenereta za dizeli za bei ya kuumiza. Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba, Karuma, zote zinakunywa mto mmoja, Nile, unaotoka ziwa hilo. Tumeongeza mitambo, hatujaongeza mito. Mito ya Ruwenzori, ya Elgon kama Siti, ya Kigezi, na jua la Teso havitegemei Ziwa Victoria. Soroti, megawati 10 za sola zilizowashwa Desemba 2016, huzalisha vizuri zaidi wakati wa kiangazi, pale mito yenu inapopungua. Kituo kile kilipoanza, uniti yake iligharimu senti 16 za dola na ushee, mnunuzi akilipa 11 na wafadhili wakimalizia. Tangu hapo bei ya paneli imeanguka duniani kote, na sola ya ukubwa ule haihitaji tena kushikwa mkono namna ile.

Tena huo umeme uliozidi umezidi wapi? Jikoni hauko. Karibu asilimia 90 ya nishati tunayotumia nchini bado ni kuni, mkaa na mabaki ya mimea. Umezidi kwenye kituo cha kupoozea umeme, haujazidi Bundibugyo wala Bukwo. Kituo cha kati kinakaa karibu na mtumiaji wake: kiwanda cha kahawa, pampu ya kumwagilia, kiwanda cha maziwa, hospitali ya wilaya. Umeme unaotoka Karuma hadi Bundibugyo unapoteza sehemu yake njiani na unategemea kila nguzo iliyopo katikati. Umeme wa Sindila na Ndugutu, vituo vya kati vilivyomo Bundibugyo kwenyewe, umeshafika.

Waheshimiwa madiwani, ninaloliomba kwenu linaingia kwenye bajeti ya mwaka ujao: mtu mmoja wa ofisi ya maji wa kusoma vipimo vya mito kila asubuhi, na kazi ya kuandika mipaka kwenye njia mbili za laini ambazo mtazichagua ninyi wenyewe. Mwenyekiti ameniambia kamati yake ya ujenzi inakutana mwezi huu. Nitabaki hapa kesho siku nzima, na mwenye ramani ya kata yake aje nayo tuipitie pamoja. Maswali sasa, na naomba yaanzie kwa vijana waliosimama nyuma.